Mstari Umefutika, Kibao Chaangalia Ukuta: Nilipe Faini?

Wiki hii nimeweka kando barua za mirathi na za mashamba (zimejaa, subirini), kwa sababu barua tatu zimenijia karibu siku moja na zote ni za pakingi. Naanza na ile ndefu.

SWALI: Asalaam aleikum wakili. Mie nauza samaki hapa hapa Malindi, nina Probox yangu ya kubebea maboksi ya barafu. Jumanne asubuhi nlisimamisha gari njia ya nyuma ya soko, pale pale nasimama siku zote, nkaingia ndani kama dakika ishirini hivi, natoka nakuta gurudumu la mbele limepigwa klampu na karatasi iko kwa kioo ati nimeegesha mahali hapaegeshwi. Sasa wakili, mstari wa njano hapo haupo, labda upige magoti ndio uone vipande vya rangi kama ukoko uliobaki kwa sufuria. Kibao kipo lakini nguzo iligongwa na lori zamani kikageuka, chaangalia ukuta wa nyumba ya watu, na nlipokizunguka nkakisoma chasema marufuku ni saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, na karatasi yangu imeandikwa saa moja na dakika arubaini! Namuuliza askari aniambia hio ni kibao cha zamani, siku hizi ni kuanzia saa moja. Nkalipa kwa sababu barafu ilikuwa yayeyuka na kingfish haingoji mtu. Je, mstari ukifutika na kibao kikiwa na makosa, hio faini ni halali? Na pesa yangu yaweza kurudi? – Muuza samaki, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam, na pole kwa kingfish. Swali lako watu huliuliza vibaya, huwa wanasema "mstari haupo basi sheria haipo", wewe umeliuliza vizuri kwa hio nitakujibu kirefu.

Jambo la kwanza, rangi si sheria. Mtu hawezi kuamka na debe la rangi ya njano akachora barabara halafu ikawa ni kosa kusimama hapo. Katiba yetu ya 2010, Jedwali la Nne, imewapa kaunti kazi ya trafiki na pakingi, sawa, lakini kazi hio yafanywa kwa sheria iliyopitishwa na bunge la kaunti, na kifungu cha 199 kinasema wazi sheria ya kaunti haianzi kufanya kazi mpaka ichapishwe kwenye Gazeti la Serikali. Kwa hio kabla hujagombana kuhusu rangi uliza hivi: ni sheria gani, ya mwaka gani, kifungu gani, na yasema nini kuhusu njia hio na masaa hayo? Karatasi ya faini ambayo imeandikwa tu "wrong parking" bila kutaja sheria yoyote, mimi hio naiona ni karatasi ya kufungia mandazi. Sisemi uitupe, la, iweke vizuri, ni ushahidi wako.

Sasa tuseme sheria ipo, imechapishwa, na yasema kweli kuanzia saa moja. Hapo ndipo askari wako anadhani amekumaliza, ati kibao ni cha zamani lakini sheria ni mpya. Bado hajakumaliza. Kosa la kukaidi alama ya barabarani lahitaji alama, na dereva anaijua sheria ya mtaa kwa kusoma kibao, hakuna anayetembea na Gazeti la Serikali kwenye dashibodi. Wenye mamlaka wakiweka kibao kinachosema saa mbili halafu wakufunge saa moja na arubaini, wao wenyewe ndio waliokwambia upo salama. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya uamuzi wa kiutawala ambao ni wa haki na halali, tena ukiathirika una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kukuadhibu kwa kufuata kibao chao wenyewe, sioni hakimu gani ataita hio haki. Kwa maoni yangu hio ya masaa ndio hoja yako kubwa kuliko zote, kubwa kuliko rangi iliyofutika, anza nayo.

Rangi na kibao kilichogeuka ni hoja pia lakini hapo twende polepole. Waingereza, ambao sheria zao za barabarani ndizo zetu zilikotoka kwa kiasi kikubwa, wameshagombana sana juu ya haya mambo. Kuna kesi ya 1971, Davies na Heatley, mahakama ikasema alama ambayo haikuchorwa kwa umbo lililowekwa na kanuni haiwezi kumtia mtu hatiani, hata kama kila mwenye akili angeielewa. Madereva walifurahi miaka mingi na hio, wakawa wanatembea na futi ya kupimia mistari, ukikuta mstari umekatika inchi mbili tayari ni rufaa. Halafu 2011 ikaja kesi ya Herron, dereva wa Sunderland aliyekuwa na rundo la tiketi, mahakama ya rufaa ikamwambia hapana bwana, kasoro ndogo ndogo za mistari ambazo hazimpotezi dereva yeyote hazibatilishi kila kitu, cha kuangaliwa ni kama alama kwa jumla zilimfahamisha mtu vya kutosha. Kesi za Uingereza hazimlazimishi hakimu wa Malindi lakini husomwa na huheshimiwa, na mimi naona hio fikra ya pili ndio yenye busara kwetu. Tungetaka kila mstari uwe kamili, kwa huu mchanga wetu na chumvi ya bahari inayokula rangi kabla haijakauka, Malindi nzima isingekuwa na pakingi halali hata moja.

Kwa hio jiulize hivi: mgeni anayeingia njia hio mara ya kwanza, ana macho mazima, anaendesha kwa mwendo wa kawaida, angejua hapaegeshwi? Kwa maelezo yako asingejua. Kibao chaangalia ukuta, kinamwambia nani? Mjusi?

Lakini wewe si mgeni, ndugu yangu, na hapa nakwambia ukweli ambao hautaupenda. Umeandika "pale pale nasimama siku zote". Hilo neno usiliandike kwenye barua ya malalamiko bila kufikiri. Ikiwa kuna siku askari alishakuambia usisimame hapo, na yeye ana daftari lake, basi hoja ya kwamba hukujua inapungua nguvu sana. Sikufundishi kudanganya, ukiulizwa sema kweli, na bado unayo ile ya masaa ambayo kujua kwako hakuiharibu, maana ulilokuwa unajua ni kibao cha saa mbili.

Na jingine ambalo watu husahau: kibao kikiwa kibovu hakikupi ruhusa ya kuziba njia. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakataza kuacha gari mahali linazuia au kuhatarisha wengine, na hilo kosa halihitaji kibao wala mstari. Kama Probox yako ilikuwa imeziba mlango wa soko na mikokoteni haipiti, faini ya kibao yaweza kuanguka na ile ya kuziba njia ikabaki pale pale. Lakini wakitaka hio wakushtaki nayo na waiandike, hawawezi kukuandikia hii halafu mbele ya hakimu wakageuka wakasema walimaanisha ile.

Pesa kurudi? Yawezekana, ila ni kazi. Kulipa si kukiri, hasa ukilipa kwa sababu mali yako yaharibika, ila ingekuwa bora zaidi ungeandika kwenye risiti au kwenye ujumbe wa simu "nalipa kwa kulazimika, napinga". Siku nyingine fanya hivyo. Sasa rudi pale leo kabla hawajaja kurekebisha kibao (na watakuja, ukishalalamika tu rangi mpya hupatikana), piga video ukianzia mbali unapoingia njia mpaka uliposimama, kwa urefu wa macho ya dereva sio kwa kuinama, halafu picha ya kibao kwa nyuma, kwa mbele, nguzo iliyopinda, na ya lami. Andika barua kwa ofisi inayosimamia pakingi, ukurasa mmoja yatosha, ueleze masaa, ueleze kibao, uambatanishe risiti na picha, uombe mambo mawili: pesa yako na sababu kwa maandishi. Barua ya pili fupi iwe ya kuomba nakala ya sheria wanayoitegemea, hio ni haki yako chini ya kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, wana siku 21 za kukujibu. Hakikisha nakala zako zimepigwa muhuri wa kupokelewa. Wasipojibu, au wakijibu upuuzi, peleka kwa Tume ya Haki ya Utawala, hawa ndio tunawaita Ombudsman, malalamiko hayalipiwi. Mahakama ni mwisho, tena sheria ya 2015 inayotekeleza kile kifungu cha 47 inataka kwanza uwe umemaliza njia za ndani za kulalamika, ukikimbilia kortini mapema utarudishwa.

Usije siku moja ukakata klampu na grinda. Najua vijana wa gereji watakwambia ni dakika mbili. Hata kama ilifungwa kimakosa, ile ni mali ya watu, utajikuta wewe ndiye mshtakiwa wa kuharibu mali na hadithi ya kibao hakuna atakayeisikiliza tena.

SWALI: Wakili salaam kutoka Amu (Lamu). Sisi huku kwetu mjini magari hakuna, wajua, ni punda na miguu, gari naliacha Mokowe navuka na boti. Mwezi uliopita nmerudi nakuta kijana asimama na gari langu, ati hapo ni pakingi ya kulipia, kibao hakuna, mstari hakuna, akanionyesha ukuta umeandikwa kwa chaki. Nlimpa ili niende zangu. Nlifanya makosa? – Mama wa Langoni

JIBU: Mama, hukufanya dhambi, umenunua amani. Lakini tofautisha: mahali hapo ni pa nani? Kama ni kiwanja cha mtu, mwenye kiwanja anaweza kutoza, lakini hayo ni makubaliano, na makubaliano huanza kabla hujaacha gari, si ukirudi na mizigo kichwani. Bei haikuandikwa, hakuna aliyekwambia, basi hapakuwa na makubaliano. Kama ni mahali pa umma, kifungu cha 209 cha Katiba kinairuhusu kaunti kutoza malipo ya huduma, lakini ni lazima iwe na sheria na ni lazima utoke na risiti. Chaki si sheria na yule kijana si kaunti. Siku nyingine muulize kwa upole tu, "risiti iko wapi mwanangu?" Wengi hupotea hapo hapo. Ukitaka kumpa cha kulinda gari mpe, ni riziki yake, ila ujue ni sadaka, sio ada.

(Na wale mtakaoniandikia ati punda aliyefungwa kwenye kichochoro cha Mkomani ana mstari wake wa njano, nimewaona, sijibu.)

SWALI: Mpwa wangu yuko London, amepigwa tiketi kwenye mstari mmoja wa njano, asema hakukuwa na kibao cha masaa karibu. Wenzake wamwambia asilipe wala asijibu, itajifia. Ni kweli? – Mjomba, Shella, Malindi

JIBU: Mjomba, mwambie aache kusikiliza hao wenzake leo hii. Kule tiketi haijifii, inazaa. Akilipa ndani ya siku 14 kwa kawaida hulipa nusu, akinyamaza yapanda. Lakini pia asilipe kwa woga kabla hajaangalia, sababu mstari mmoja wa njano kule maana yake ni marufuku kwa masaa fulani, na hayo masaa lazima yaonyeshwe, ama kwa kibao karibu na mstari ama kwa vibao vikubwa unapoingia zoni nzima ya pakingi. Hapo ndipo madereva wengi huanguka: hawaoni kibao mtaani, kumbe walikipita robo maili nyuma. Mistari miwili ndio haihitaji kibao cha masaa, hio ni marufuku wakati wote. Basi arudi, atembee kwa miguu mpaka mwanzo wa zoni, apige picha. Kama kibao kweli hakipo au hakisomeki aandike pingamizi ndani ya hizo siku 14, wakimkatalia asubiri ile notisi ya kwa mwenye gari, ana siku 28 za kupinga rasmi, na wakikataa tena kuna baraza huru la rufaa ambalo halimlipishi kitu. Amtajie huyo bwana wa Sunderland na mapema, maana halmashauri watamtajia tu.

Na wewe msomaji wa Maweni uliyenitumia picha ya jirani mwenye duka aliyezika nusu tairi mbele ya duka lake, akapaka nyeupe, akaandika "wateja tu": barabara si yake, tairi halina nguvu yoyote ya sheria, anayeziba njia hapo ni yeye. Nenda ukamwambie wewe mwenyewe kwanza, kwa chai, kabla hujaandika barua kokote.