Dawa ya kichocho mara mbili, na damu bado

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 15. Anakojoa damu siku mbili tatu, kisha inapotea. Mara nyingine hutoka vitu vyekundu virefu, vyembamba. Bibi yake asema ni minyoo. Kwa kuwa huogelea mto Sabaki, amepewa dawa ya kichocho mara mbili, ingawa mayai hayakuonekana. Akinywa maji mengi, ubavu wa kushoto humkaza. Sasa wamempiga picha, wasema figo imejaa maji na kuna kinyama kwenye mrija wake wa kupeleka mkojo kibofuni. Je, ni saratani?
Mama, Malindi

JIBU: Waleikum salaam, mama. Kwa umri wake, saratani ya hapo ni nadra mno. Kinyama cha namna hii kwa kijana aghalabu ni polipu: nyama laini yenye kikonyo, imeota ukutani mwa mrija na kuning'inia ndani. Nayo ni nadra, ila haisambai. Uthibitisho hutoka maabara, kikishakatwa.

Hiyo "minyoo" ya bibi ni damu iliyogandia ndani ya mrija, ikatoka na umbo la mrija. Basi damu inatoka juu, si kibofuni. Ya kichocho kwa kawaida huja mwisho wa mkojo. Waliompa dawa siwalaumu. Kijana wa Sabaki akija na damu, hata mimi ningeanzia hapo. Lakini mayai hutafutwa kwenye mkojo wa saa nne hadi saa nane mchana, na watu hutuletea wa alfajiri! Pimeni tena kwa saa hizo. Dozi ya tatu ya kubahatisha, hapana.

Kinachonitia wasiwasi kuliko damu ni huo ubavu. Kinyama kinaziba njia, maji yakizidi figo inafura, na ikifura muda mrefu hudhoofika.

Mpelekeni Mombasa kwa mpasuaji wa njia ya mkojo. Atataka picha ya CT ya kuchomwa dawa. Kisha, akiwa amelazwa usingizi, hupitishiwa kamera nyembamba kwenye njia ya mkojo na kikonyo hukatwa kwa leza, bila kovu. Kikiwa kikubwa sana, huenda wakapasua. Huachiwa kijibomba ndani ya mrija kwa wiki kadhaa. Kitamchoma akikojoa na damu itaonekana kidogo, asishtuke. Ulizeni tarehe ya kukitoa kabla hamjaondoka wodini, kwani kikisahauliwa hushika mawe.

Akipata homa pamoja na maumivu ya ubavu, au mkojo ukigoma kutoka, msingoje asubuhi.