Fefo zinanichefua, choo cheusi, mama mkwe anasema zinakuza mtoto: jibu langu

Mdogo wangu uliyeuliza kama uache fefo, vile vidonge vya chuma na foliki asidi vya kuongeza damu, maana una mimba ya miezi minne na kila ukimeza unachefukwa, choo kimekuwa cheusi na mama mkwe kakwambia mtoto atakuwa mkubwa hadi upasuliwe. Usiache. Badilisha muda wa kumeza na kitu unachomezea, basi. Mimi nina watoto wawili, fefo nimezimeza mimba zote mbili hapa hapa Dar, na hii ya pili nilianza kliniki damu ikiwa 9.4 wakati mjamzito anatakiwa awe na 11 kwenda juu, kwa hiyo naongea kitu nakijua.

Choo cheusi usikiogope, ni chuma ambacho mwili haujakichukua kinatoka zake. Labda kiwe cheusi kinachonata kama lami na kunuka vibaya, au uone damu, hapo hospitali moja kwa moja.

Sasa kichefuchefu. Kwenye benchi la kliniki nilikuwa nawaona wenzangu, mtu katoka kupewa pakiti yake, anachomoa kidonge anasukumia na chai ya maziwa ya yule mama lishe wa getini na chapati juu. Jamani! Majani ya chai yanakishika chuma humo humo tumboni kinapita bila faida, maziwa nayo yana kalsiamu inayozuia, kahawa hivyo hivyo. Yaani umevumilia kichefuchefu chote halafu damu haipandi, mwezi ujao unasema dawa za serikali feki. Mimi nesi alinishauri nimeze usiku wakati naenda kulala, chakula kishashuka, na maji na chungwa au maji ya ndimu maana vitamini C inasaidia chuma kuingia, na kile kichefuchefu kinakukuta umeshalala. Chai yangu nikawa nakunywa asubuhi kwa raha zangu. Ukiona usiku bado tumbo linavuruga meza baada ya kula, ni kweli kitaingia kidogo zaidi ila si bora hicho kuliko kidonge ulichokitapika? Na kama una kiungulia na unatafuna zile dawa za kiungulia usizimeze wakati mmoja na fefo, ziachanishe. Choo kigumu ni maji mengi na papai, mimi papai lilinisaidia sana.

Kuhusu mama mkwe, mwitikie tu ndio mama, usibishane, lakini kidonge meza. Hakimnenepeshi mtoto. Watoto wanaozidi ukubwa mara nyingi ni sukari ya mama kuwa juu au mama kaongezeka uzito kupita kiasi, au ukoo tu wa watu wakubwa. Damu ndogo ndo inaleta mtoto njiti au mwenye uzito mdogo. Halafu wewe mwenyewe, mimba inafanya damu mwilini iongezeke karibu nusu ya ile ya kawaida, chuma cha kuitengeneza kinatoka wapi, na siku ya kujifungua utapoteza nyingine. Mwenye damu ndogo akimwagikwa kidogo tu leba anaanza kutafutiwa chupa ya damu, ndugu wanakimbizana kuchangia. Mimi hilo ndo lilikuwa linanitisha kuliko ukubwa wa mtoto.

Kuna mtu hapo juu kasema miligramu 200 za kidonge cha fefo ni nyingi mno wakati WHO wanasema chuma 30 mpaka 60 kwa siku. Dada, 200 ni uzito wa feras salfeti nzima (ile chumvi iliyobeba chuma), chuma chenyewe ndani yake ni kama 60 hivi, kwa hiyo uko mule mule.

Rozela na bitiruti kunywa ukipenda, ila wekundu wa juisi sio damu. Dagaa na nyama ndo vina chuma cha maana, maharage na mchicha vipo ila chuma chake kinaingia kwa shida. Maini sawa, ila sio kila siku hasa mimba ikiwa changa, yana vitamini A nyingi sana. Na kama una hamu ya udongo (tunajuana, ule wa kwenye vifuko sokoni) mwambie nesi, mara nyingi ni dalili damu iko chini, na udongo wenyewe unazuia chuma na unaweza kuwa na minyoo.

Kingine, usiende duka la dawa kujinunulia foliki asidi za miligramu 5 ukaongezea juu ya fefo bila kuuliza, dozi kubwa hivyo inapunguza nguvu ya zile SP za malaria unazopewa kliniki. Na ukimeza vizuri mwezi mzima damu ikagoma, sio lazima iwe chuma, inaweza kuwa malaria, minyoo au selimundu, omba wakupime. Mimi yangu ilipanda taratibu, nilivyoingia leba nilikuwa na 11 na point. Ukijifungua wakikupa za kuendelea nazo meza, ila weka juu kabisa, mtoto mdogo akizifakamia zinaweza kumuua.

Hebu angalia kadi yako, damu wameandika ngapi? Na unakimezea na nini?