Bibi akifariki, msimfanye malaika

Msiba ukiingia nyumbani, kuna kazi huanza bila mtu kuagizwa: marehemu hupigwa pasi. Siku ya mazishi bibi bado ana maneno yake, kwenye hitma kawa mpole, ikifika arobaini hakuna hata anayekumbuka kwamba aliwahi kupandisha sauti. Bibi yangu, mtu wa Ngamiani hapa Tanga, kwenye zile barabara za namba, hakuwa mpole hata siku moja. Mie kwa utani wetu wa pwani nilikuwa mumewe, na dada yangu mke mwenziwe. Nikitoka Dar bila tambuu ya kueleweka alinipokea mlangoni kwa sauti ya kusikika mpaka barabara ya pili: "Mume suruali huyo! Kaja na mikono yake miwili!"

Kwa hiyo ushauri wangu kwa aliyefiwa na bibi wa namna hii ni huu: muhifadhini na ulimi wake. Na mfanye upesi, kabla ya arobaini, maana wakati huo shoga zake bado wanaingia na kutoka pale nyumbani. Baadaye kila mtu anarudi kwake, na wenyewe ni watu wazima.

Anzeni na hao shoga kabla ya wanawe. Watoto wanamjua mama. Baba yangu alikuwa na habari za bakora za kuchelewa chuo cha Kurani, basi. Shoga yake ndiye aliyetuambia habari za msichana aliyevaa baibui juu ya gauni la taarabu, akaaga anakwenda kumjulia hali mgonjwa, kumbe yuko kwa Black Star, kundi alilokuwa akiimba Shakila, anawatunza waimbaji kwa pesa ya kitoweo. Kesho yake nyumbani wakala bada, ugali wa muhogo, kwa mchuzi wa chumvi.

Ukiwahoji wazee, usiwaulize mwaka. Wengi hata tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho ni ya kukisia. Waulize kwa tukio: ilikuwa kabla ya Uhuru wa 1961 au baada? Mashamba ya mkonge yalikuwa yameshataifishwa, ile 1967? Vita ya Kagera ya 1978 ilimkuta wapi? Mie niliuliza walihamia lini nyumba ya sasa, nikajibiwa "zamani." Nikauliza kama ilikuwa wakati wa foleni za sukari na sabuni. Hapo nikapewa foleni yenyewe, nani alimchomekea nani, na bibi alisema nini, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Halafu kanga. Kwetu kanga za marehemu hugawiwa, na ni vizuri zigawiwe. Lakini kabla hazijatoka sandukuni, zitandike moja moja, piga picha mji wa katikati, pindo na jina, yale maneno yake, kisha muulize aliyekuwepo: hii aliivaa kwa ajili ya nani? Yenye chapa ya Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo, ujue haiwezi kuwa ya kabla ya 1968, kwa kuwa ndio mwaka kiwanda kilipofunguliwa. Hilo tu limetusaidia kupanga nusu ya sanduku.

Tulikuta moja ya "Hasidi hana sababu," imepauka upande mmoja. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alipoiona akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe bibi hakuwa akiivaa sana. Alikuwa akiifua, safi au chafu, na kuianika kwenye kamba ya uani, jina likiwatazama wao. Jirani naye akaenda dukani, akarudi na "Usisafirie nyota ya mwenzio," akaianika upande wake. Wakaendelea hivyo msimu mzima, huku asubuhi wakiombana moto na chumvi kama kawaida. Huyo jirani ndiye aliyefika wa kwanza siku ya msiba, na doti yake ile ile ametuachia tuiweke pamoja na ya bibi.

Simu yake msimpe mtu upesi. Sauti zake za WhatsApp zihamishieni kwanza kwenye kompyuta au barua pepe, na kila moja muipe jina la kueleweka, kwa sababu simu ikifutwa au kuharibika, nazo ndiyo basi. Mapishi msiyatafute kwa vipimo, alipima kwa kiganja. Mtafuteni aliyekuwa akikaa naye jikoni, apike mbele yenu, na mlaji wake mkongwe awe hakimu. Sisi tulifundishwa kutia tui jepesi mwanzo na kasimele, lile tui zito, mwishoni kabisa, lakini hakimu wetu bado anatikisa kichwa. Mambo ya cheti cha kifo na mirathi yana kikao chake. Msiyachanganye na haya, mtagombana.

Kuna ya kuacha, tena bila ubishi. Bibi alikuwa kungwi, na ya wari wake, wasichana aliowafunda, hatukuyagusa. Siri ya mtu aliyeiweka kwake si mali ya wajukuu. Kinachofaa kuandikwa ni utundu wake mwenyewe.

Mtapingwa, jiandaeni. Shangazi yangu alipoona daftari alikuja juu: ati tunamfedhehesha mama yake, marehemu hutajwa kwa wema. Nikamwambia, shikamoo shangazi, huu ndio wema wake. Akaondoka kanuna. Usiku akapiga simu.

"Lile la kondakta wa basi la Pangani mmeliandika?"

"Hatunalo, shangazi."

"Basi shika kalamu."