Kipozeo hakitengenezi ubaridi

Tangu joto la Desemba lianze, ujumbe unaoingia kwangu ni uleule: "Kompyuta inachemka, ninunue kipozeo gani?" Basi, umeishia hapo. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta ambao kipozeo hukaa juu yake, haitajwi, keisi haitajwi, hata namba moja ya joto hakuna. Hao siwajibu tena. Anayetaka jibu aniambie mambo manne: prosesa gani, keisi gani, nyuzijoto ngapi mashine ikiwa kazini, na mashine yenyewe imewekwa wapi chumbani. Programu ya HWiNFO ni ya bure na itakuonyesha joto kabla chai haijapoa. Wafuatao angalau wamejitahidi.

Mkuu, nina studio ya kuhariri video za harusi hapa Sinza. Natumia Ryzen 9 5900X na kipozeo kidogo cha mnara chenye feni moja ya milimita 92. Nikianza kutoa video ya mwisho, joto linagonga 90 na kasi inashuka. Fundi anasema nichukue kipozeo cha maji cha 360, chenye rejeta ya milimita 360. Keisi yangu inaandika kimo cha juu cha kipozeo milimita 160.

Huyu ndiye msomaji. Kila kitu kipo.

Kikomo cha 5900X ni nyuzijoto 90. Ikifika hapo inajipunguzia kasi yenyewe isiungue, ndiyo maana kazi ya saa moja inageuka ya saa moja na nusu. Boksi limeandikwa wati 105, lakini usiiamini namba hiyo: kwa mipangilio ya kawaida prosesa hii inaruhusiwa kuvuta hadi wati 142 kutoka kwenye soketi. Mnara wa feni moja ya milimita 92 hauziwezi, hasa kwenye chumba cha Sinza mchana wa Januari.

Hapa niseme jambo ambalo nimelisema mpaka nimechoka. Kipozeo hakitengenezi ubaridi. Kinachukua joto la prosesa na kulihamishia kwenye hewa iliyopo, hakina kazi nyingine. Hewa ikiwa nyuzijoto 33, prosesa haishuki chini ya 33 hata ukiifungia rejeta ya lori. Na kila chumba kinavyopanda nyuzi moja, prosesa nayo inapanda karibu nyuzi moja. Zile namba nzuri mnazoona kwenye video za Wazungu zimepimwa kwenye vyumba vya nyuzijoto 20 na kitu. Ongeza tofauti yako kabla hujamtukana muuzaji.

Je, maji? Hapana. Kwa wati 142, mnara mkubwa wa feni mbili unatosha na chenji inabaki. Thermalright Peerless Assassin 120 SE ina kimo cha milimita 155, itaingia kwenye keisi yako. Noctua NH-D15 ni kipozeo kizuri sana, lakini ina milimita 165. Utainunua kwa bei ya kuumiza halafu kioo cha pembeni kikatae kufunga. Angalia pia RAM zako. Kama ni zile ndefu zenye taa, feni ya mbele itabidi ipandishwe juu, na ikipanda tu, zile milimita 5 ulizobakiwa nazo zimekwisha.

Sababu yangu ya kukataa maji si woga wa kuvuja, ingawa mashine za harusi za watu zina picha zisizorudiwa. Sababu ni spea. Feni ya mnara ikifa siku ya Jumamosi, unashuka Kariakoo unanunua feni yoyote ya milimita 120 yenye pini 4, unaibana kwa waya zake, jioni unaendelea na kazi. Pampu ya maji ikifa, kipozeo chote kimekufa. Garanti iko kwa muuzaji wa nje, na bibi harusi anakupigia simu.

Mambo mawili wakati wa kufunga. Ryzen za soketi ya AM4, kama hiyo yako, zina pini chini yake, na pesti (ule uji unaopakwa kati ya prosesa na kipozeo ili joto lipite) ikikauka huigandisha prosesa kwenye kipozeo. Ukivuta moja kwa moja, prosesa inang'oka na pini zinapinda. Washa mashine ifanye kazi mpaka ipate moto, zima, chomoa umeme, kisha zungusha kipozeo kidogo kidogo kushoto na kulia ndipo ukinyanyue. Pili, vipozeo vingi vya AM4 hutumia lile bamba la chuma la nyuma lililokuja na mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta. Mazabodi za mtumba mara nyingi huuzwa bila bamba hilo, na wauzaji hawasemi. Geuza ubao uangalie kabla hujatoa hela.

Ukiwa unasubiri mzigo ufike, ingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows, uwashe Eco Mode (hali ya kubana umeme) ya wati 65. Prosesa itavuta kama wati 88. Utapoteza kasi kiasi, lakini hutafika 90, na huenda ukagundua kwamba hata hicho kipozeo kipya hukukihitaji haraka hivyo.

Naweza kutumia dawa ya meno badala ya pesti?

Hapana. Na wewe wa Mbagala ulishaniuliza mwaka jana.

Shikamoo kaka. Nina OptiPlex 7010 ya mtumba, ile ndogo ya i5 kizazi cha tatu, natumia kwa hesabu za duka Tabata. Inapiga kelele kama ndege inayoruka. Mwanangu amesema atanitafutia kipozeo kipya cha kisasa.

Marahaba mama. Mwambie mwanao atulie kwanza. Keisi hiyo ndogo haipokei mnara wa aina yoyote, na Dell hawafuati mpangilio wa wengine: plagi ya feni na nyaya zake si za mazabodi za kawaida, na skrubu za kipozeo zina mahali pake. Akilazimisha feni ya dukani, mashine inaweza kukulalamikia kila asubuhi kwamba feni imekufa na isiendelee mpaka ubonyeze kitufe.

Mashine hizi zimefanya kazi ofisini Ulaya miaka mingi kabla ya kuletwa kwetu, na pesti yake ni ileile ya kiwandani, imekauka imekuwa chaki. Dawa yake ni ndogo: kufuta pesti ya zamani kwa spiriti, kupaka mpya kiasi cha punje ya kunde katikati, kupiga brashi mapezi ya kipozeo, na kurudishia. Kama feni yenyewe inakwaruza, tafuta feni halisi ya modeli hiyohiyo kutoka kwenye mashine iliyokufa. Mafundi wa mtumba wanazo.

Halafu mama, samahani nikiuliza: mashine iko ndani ya kile kijikabati cha meza ya kompyuta? Na juu yake kuna kitambaa? Vitambaa vya kufuma ni vya kwenye kochi. OptiPlex ndogo inavuta hewa mbele na kutoa nyuma. Ukiifungia kabatini inavuta hewa yake yenyewe iliyokwisha kuchemka. Itoe nje kwanza, usikilize siku mbili, ndipo uite fundi.

Nimenunua i9-13900K ya mtumba, Mikocheni. Magemu yanajifunga yenyewe, mengine yanasema kumbukumbu ya video imeisha wakati kadi yangu ya grafiki ina GB 16. Nimeamua kununua kipozeo cha maji cha 360 ili nimalize tatizo. Kipi bora?

Usinunue chochote. Huo ujumbe wa kumbukumbu ya video kwenye kadi yenye GB 16 ndio dalili iliyowasumbua wenye prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 dunia nzima. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba prosesa hizo zilikuwa zikiomba volti nyingi kupita kiasi na kuchakaa. Mwezi Agosti mwaka huo walitoa marekebisho yanayoitwa 0x129, ambayo huingia kwa kusasisha BIOS ya mazabodi. Marekebisho yanazuia uharibifu mpya. Prosesa ambayo tayari imeumia hayaiponyi.

Kwa hiyo sasisha BIOS, weka mipangilio ya umeme ya Intel yenyewe, si ile ya mtengenezaji wa mazabodi aliyeachia milango wazi, kisha jaribu tena. Ikiendelea kuanguka, umeuziwa prosesa mgonjwa. Intel waliongeza garanti ya prosesa hizo kwa miaka miwili, lakini kuipata bila risiti ya mnunuzi wa kwanza ni shughuli. Mrudie muuzaji wako mapema, kabla hajabadilisha namba.

Na wengine mnaosoma: i9 za kizazi cha 13 na 14 za mtumba zinazouzwa kwa bei ya kutupa, jiulizeni kwa nini zinatupwa.

Bro, nina i5-12400 na kipozeo kilichokuja ndani ya boksi. Joto kwenye gemu ni 68. Nataka kuweka kipozeo cha maji chenye taa na kioo cha kuonyesha joto. Unanishauri kipi? Kijitonyama.

Mdogo wangu, nyuzijoto 68. Kikomo cha prosesa yako ni 100. Ikikazwa hadi mwisho inavuta wati 117, na gemu haifiki huko. Unataka kioo kinachokuonyesha kwamba hakuna tatizo?

Kama unataka taa, nunua taa, sina ugomvi na urembo. Ila usiniambie ni kwa ajili ya joto. Hela hiyo iweke kwenye kadi ya grafiki, au kwenye UPS, maana umeme wetu unaujua. Kama kelele ya kile kipozeo cha boksi inakukera, mnara wa feni moja kama Deepcool AK400 utamaliza maneno kwa sehemu ndogo ya bei. Kabla ya hapo angalia uso wa keisi yako: kama mbele ni kioo kitupu bila matundu, feni zako tatu zenye taa zinavuta upepo kupitia ufa wa pembeni. Keisi ya namna hiyo hapa Dar ni oveni. Wavu mbele, feni mbili za kuingiza, moja nyuma ya kutoa, hata zisipowaka taa.

Ni vibaya kuweka kompyuta chini ya AC? Mbezi Beach.

Chumba chenye AC ni kizuri kuliko kipozeo chochote utakachonunua. Chini ya AC yenyewe, hapana. Bomba la maji likiziba, na siku moja litaziba, matone yanaingia juu ya keisi, na keisi za sasa juu ni matundu matupu. Sogeza mita moja pembeni. Upepo wa baridi usipulize moja kwa moja kwenye mashine iliyozimwa pia. Ukizima AC na kufungua madirisha, hewa nzito ya pwani inaganda kama umande kwenye chuma baridi.

Naishi Kigamboni karibu na bahari. Kipozeo changu cha alumini kimeota unga mweupe. Nikipake mafuta?

Usipake mafuta, vumbi litashika kama tope. Huo unga ni alumini inayoliwa na unyevu wenye chumvi. Ukibadilisha, tafuta kipozeo ambacho shaba na mapezi yake vimepakwa nikeli, kinastahimili zaidi. Lakini kama kipozeo kimefika hapo, chungulia mazabodi yenyewe, hasa nafasi za RAM na plagi za umeme. Chumvi haichagui. Funga dirisha la upande wa bahari wakati mashine inafanya kazi, na usafishe mara nyingi kuliko mtu wa Kimara.

Na wewe hasa, achana na pesti ya metali ya kimiminika wanayoisifia. Ina galiamu, na galiamu inakula alumini kabisa. Pia inapitisha umeme. Tone moja likidondoka pembeni ya soketi, kwaheri.

Fundi wa pancha jirani ananipulizia kompyuta kwa kompresa, buku tu. Kuna ubaya?

Upo. Tangi la kompresa ya matairi lina maji chini, na mara nyingi mafuta pia, na vyote vinatoka na upepo. Presha yake inazungusha feni kwa kasi isiyo yake mpaka beringi zinalegea. Ukishindwa kabisa, basi mwambie amwage maji ya tangi kwanza, asimame mbali, na wewe ushike mapanga ya feni kwa kidole. Brashi ya rangi mpya na blowa ndogo ya mkono inafanya kazi hiyohiyo nyumbani.

Nimebadilisha kipozeo mwenyewe na joto limeongezeka kuliko zamani. Ubungo.

Fungua tena. Chini ya kipozeo umeacha ile nailoni ya kinga iliyoandikwa uiondoe.

Natuma kompyuta kwa basi kwenda Mbeya kwa mdogo wangu. Ina Noctua NH-D15. Niifunge vipi?

King'oe kipozeo, ukitume kwenye boksi lake. Kina kilo 1.3 pamoja na feni zake mbili, na kinaning'inia pembeni kama rafu iliyopigiliwa ukutani. Matuta ya barabara ya kwenda Mbeya yatapinda mazabodi au kuchana soketi kabla basi halijafika Mikumi. Kama mdogo wako hawezi kukifunga mwenyewe, laza keisi chali ili mazabodi iwe chini na kipozeo kisimame wima, jaza sponji ndani, andika kwa kalamu nene pande zote kwamba isisimamishwe, na uhakikishe kondakta ameona. Bado ningeking'oa. Na umtumie pesti mpya pamoja na spiriti kidogo. Ile ya zamani ikishaachana na prosesa hairudiwi.