Dogo kaniuliza Uholanzi wametajirikaje na mbona sijajenga, haya jibu

Jana dogo wangu wa Kirumba, Mwanza, mtoto wa mama mdogo, kaniandikia kwenye grupu la ukoo mbele ya watu wote: "kaka hako kanchi hakana mlima hakana dhahabu, sisi Geita hapo, ziwa hili hapa, wao wametajirikaje, na we mbona miaka 7 uko huko hujajenga?" Najibu humu humu maana hilo la pili najua mlikua mnalisubiri wengi.

Kudogo ni kweli. Ziwa letu Victoria ni kilomita za mraba kama 68,800, Uholanzi nzima kama 41,500, yani unaizamisha na watu wake milioni 18 na mitumbwi ya dagaa bado inapita pembeni. Ukiacha visiwa vyao vya Karibiani, mlima mrefu kuliko yote una mita 322. We hapo mwaloni umekaa tu unakunywa soda uko mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari. Huku robo ya nchi iko chini ya bahari, uwanja wa ndege wa Schiphol wenyewe ulikua ziwa, wakalikausha.

Sasa utajiri. Mwaka 1932 walimaliza ukuta wa kilomita 32 katikati ya maji ya bahari (daraja letu la Kigongo–Busisi tulilopigia picha wote ni kilomita 3), upande wa ndani pakawa ziwa la maji baridi, wakaanza kukausha vipande vipande, leo mji wa Almere wa watu zaidi ya laki mbili umekaa palipokua na samaki. Afu 1953 bahari ikavunja kuta usiku, wakafa watu 1,836. Toka hapo kwenye maji hawana mzaha. Kuna mabaraza ya maji 21 yanayosimamia kuta na mitaro, yana uchaguzi wake na kodi yake, na ni ya zamani kuliko hata bunge. Mi sina pasi yao, kura ya bunge siruhusiwi, ila ya maji 2023 nilipiga, kura yangu ya kwanza Ulaya nikachagua watu wa mitaro aisee.

Mfalme yupo, Willem-Alexander, ila hatawali, anasoma hotuba. Bunge lao la chini lina viti 150 na kwa zaidi ya miaka 100 hakuna chama kilichopata nusu peke yake, kwahiyo wanakaa kubembelezana, baada ya uchaguzi wa 2021 zilipita siku 299 ndo serikali ikapatikana, na mabasi yalikua yanafika kwa dakika vilevile.

Hela inatoka bandari ya Rotterdam, kubwa kuliko zote Ulaya, mizigo ya Ujerumani inapita hapo kwa mto Rhine, na inatoka kwenye kilimo cha grinihausi. Humo ndo nilipo. Nyanya, dogo. Saa kumi na mbili asubuhi nasukuma kitoroli kwenye reli, joto kama mchana wa Shinyanga, nje barafu. Saa moja zaidi ya yuro 14, ukisikia hivyo unaanza kuzidisha kwa shilingi, subiri kwanza: kodi inakatwa kabla sijaiona, bima ya afya yuro 150 na kitu kila mwezi lazima, chumba 850, na mwaka ukianza barua ya kodi ya maji inaingia. Kinachobaki ndo kile natuma na mnasema kidogo.

Siku moja supamaketi nikakuta pakiti imeandikwa Victoriabaars, kumbe sangara wetu. Minofu mieupe, imepangwa vizuri. Nyumbani tulikua tunakula mapanki, yale mifupa yanayobaki kiwandani, minofu inapanda ndege, sasa nimeifuata huku na bado naona bei nairudisha kwenye friji.

Kiwanja cha Buswelu nimelipa nusu. Tofali mwakani. Na mama mdogo hayumo humu grupuni, anajua nafanya kazi ofisini, naomba ibaki hivyo.