Swali la Lugha: "Mahututi" kwenye fomu ya ridhaa

SWALI: Mimi ni muuguzi hapa Mwanza na nasaidia utafiti wa huduma kwa wagonjwa wa dharura na wagonjwa mahututi. Fomu ya ridhaa tumeitafsiri kwa Kiswahili. Kila nikifika panapoandikwa "ndugu yako ni mgonjwa mahututi", mama mzazi au mke wa mgonjwa anaangua kilio, kama vile nimemtangazia msiba. Wenzangu wanataka tuandike "mgonjwa wa dharura", wengine "mgonjwa wa ICU". Je, tulikosea neno? Pia kiongozi wetu amefuta "umahututi" kila mahali akisema halimo katika Kiswahili. Na kwenye daftari la ajali, tuandike "wahanga" au "majeruhi"?

JIBU: Ndugu muuguzi, neno mmelipata. Tatizo ni kwamba mmeliacha lisimame peke yake mbele ya mtu aliyekesha akiuguza, na kwa mtu huyo mahututi lina uzito ambao fomu haikuupima.

Majumbani kwetu watu wana ngazi za kusimulia ugonjwa, na hawaziruki. Mgonjwa huanza kwa kutojisikia vizuri, kisha anaumwa, halafu hajiwezi. Akiendelea hivyo huwa hoi, huwa taabani. Siku moja jirani anaambiwa "jana usiku alizidiwa", na jirani anaelewa kwamba sasa ni suala la kutafuta gari. Akikata kauli, yaani akishindwa kabisa kusema, simu zinapigwa Magu, Misungwi na Nansio ili wanaoweza kusafiri wasafiri. Mahututi liko juu kabisa ya ngazi hiyo, hatua moja kabla ya kukata roho. Kamusi nazo humweleza mahututi kuwa mgonjwa aliyezidiwa sana hata akakaribia kufa. Kwa hiyo mama anayelia hajakosa kuelewa Kiswahili. Amekielewa vizuri mno.

Ila tiba imelipa neno hili kazi ya pili, na hapo ndipo penye jibu lenu. Fasili ya kitabibu wanayoitumia watafiti siku hizi ina sehemu tatu: kiungo muhimu cha mwili kimeshindwa kufanya kazi yake, hatari ya kufa hivi karibuni ni kubwa asipohudumiwa, na upo uwezekano wa mgonjwa kupona hali hiyo. Mahututi wa nyumbani ana sehemu mbili za mwanzo tu. Ile ya tatu ndiyo inayomtofautisha mtu anayeweza kuokolewa na mtu ambaye safari yake imefika mwisho, anayehitaji kupunguziwa maumivu na kuwa na watu wake. Utafiti wenu unamhusu huyo wa kwanza. Fomu isipoitaja sehemu ya tatu, msikilizaji atabaki na maana aliyoijua tangu utotoni, na ana haki ya kubaki nayo.

Sasa mapendekezo ya wenzako. "Dharura" silikubali, japo ni laini zaidi sikioni. Dharura hueleza tukio na wakati wake: jambo limezuka, haliwezi kungoja kesho. Mahututi hueleza mwili wa mtu ulivyo sasa hivi. Kijana wa bodaboda aliyevunjika mkono pale Buzuruga ni mgonjwa wa dharura, lakini anazungumza, anapumua sawasawa, anauliza pikipiki yake iko wapi. Si mahututi. Bibi aliyelazwa wodi ya kawaida kwa nimonia, leo siku yake ya tatu, ambaye tangu alfajiri anahema haraka na amekuwa mzito kuamka, hakuingia kwa mlango wa dharura wala hakuna aliyemkimbiza na machela. Huyo ndiye mahututi. Mtoto aliyeopolewa majini Kirumba akiwa hapumui ni vyote viwili. Mkiyachanganya maneno haya kwenye fomu, mtayachanganya pia kwenye jedwali la matokeo, na atakayekuja kuusoma utafiti wenu hatajua mlimhesabu nani.

"Mgonjwa wa ICU" ni baya zaidi, na hapa naomba univumilie kidogo kwa sababu jambo lenyewe linaniuma. ICU tumezoea kuiita "chumba cha wagonjwa mahututi" hadi tukaanza kuamini kwamba mahututi ni chumba. Asiyekuwa ndani yake basi si mahututi. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 22 za Afrika, hospitali 180, wagonjwa karibu 20,000. Watafiti waliwapima watu wazima waliolazwa, wodi zote. Mmoja kati ya wanane alikuwa mahututi, na zaidi ya thuluthi mbili ya hao mahututi walikuwa kwenye wodi za kawaida. Mmoja kati ya watano wao alifariki ndani ya siku saba. Wengi waliohitaji oksijeni hawakuwa wakipewa. Ukiandika "mgonjwa wa ICU" umewafuta hao wote kwa maneno matatu, na bibi wa nimonia ni miongoni mwao.

Na huduma anayoihitaji kwanza bibi huyo si mashine kubwa. Mwaka 2021 wataalamu wa nchi mbalimbali waliafikiana kuhusu huduma 40 za msingi kwa wagonjwa wa aina hii, ambazo hospitali yoyote inapaswa kuweza kuzitoa: kupima mapigo ya moyo, presha na kasi ya kupumua, kumlaza ubavu asiye na fahamu ili asipaliwe, kumpa oksijeni, kumwekea dripu pale inapofaa, kumwita mwenye ujuzi zaidi. Mambo hayo yanawezekana Ukerewe na Sengerema kama yanavyowezekana katika hospitali kubwa ya rufaa ya Bugando. Lakini muuguzi wa zamu ya usiku atayafanya kwa haraka iwapo kichwani mwake mahututi ni mtu anayeweza kuwa kitanda chochote. Kwa hiyo mkitaka kutaja mahali, semeni ICU kama kila mtu mjini anavyosema, au "wodi ya uangalizi maalumu". Mahututi mwachieni mgonjwa.

Kuhusu "umahututi", kiongozi wenu asiogope. Mahututi ni kivumishi kisichopokea kiambishi cha upatanisho, sawa na hodari, safi na hafifu: mgonjwa mahututi, wagonjwa mahututi. Hiyo ma- ya mwanzo si ya wingi, ni sehemu ya neno lenyewe, ndiyo maana hakuna "hututi" mmoja. Vivumishi vya aina hiyo huunda nomino dhahania kwa u-: uhodari, usafi, uhafifu. Umahututi limefuata njia hiyo hiyo, na linatufaa kwa sababu watafiti wanahitaji kuitaja hali yenyewe bila kumtaja mtu, kwa mfano "dalili za umahututi" au "huduma za dharura na umahututi". Ni refu, ni kweli. Mkilitumia kwenye ripoti na mafunzo ni sawa kabisa. Kwenye fomu ya kumsomea mama aliyetoka Buchosa, liacheni. Magazeti hupenda pia "hali mahututi". Si kosa la kumkatia mtu alama, ila mimi huandika "yu mahututi", kwa kuwa anayeugua ni mtu.

La wahanga nalijibu upesi. Mhanga kwa asili ni anayejitoa kafara, anayekubali hatari kwa hiari yake. Abiria waliokuwamo kwenye kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 hawakujitoa kafara, wengi wao walikuwa wanatoka gulioni. Waliokufa ni marehemu, waliopona ni manusura, walioumia ni majeruhi, na majeruhi hupatanishwa kama watu: "majeruhi wanne wamepokelewa", kamwe si "majeruhi manne". Ukitaka neno la kuwakusanya wote, andika "waathiriwa".

Limebaki neno ambalo hukuniuliza lakini limo kwenye kichwa cha fomu yenu. Ridhaa, idhini na kibali watu huyatumia kama pacha, na katika utafiti wa namna hii tofauti yake ni kubwa. Kibali hutolewa na mamlaka kwa maandishi. Kamati ya maadili ya utafiti ndiyo inayowapa hicho. Idhini ni ruhusa ya mwenye mahali au madaraka, mfano mganga mfawidhi kuwaruhusu mwingie wodini. Ridhaa hutoka kwa mtu mwenyewe, ni moyo wake kukubali baada ya kuelewa. Mahututi asiye na fahamu hawezi kuridhia. Ndugu yake anaweza kuridhia kwa niaba yake, na mgonjwa akizinduka aulizwe mwenyewe kama anataka kuendelea. Tamko la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia walilipitisha mwaka 1964 na limeboreshwa mara kadhaa, linalizungumzia jambo hilo.

Msidhani utafiti kwa watu wa hali hiyo ni ukatili. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2011 ulihusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania walioletwa na maambukizi makali, damu ikiwa haifiki vizuri mwilini. Wazazi waliombwa kwanza kukubali kwa mdomo pale ambapo mtoto hakuweza kusubiri, kisha maelezo kamili na sahihi vikafuata baadaye. Kabla ya hapo iliaminika kwamba watoto kama hao wapewe maji mengi ya dripu kwa mkupuo. Matokeo yalionyesha kinyume: ndani ya saa 48 walikufa kama 10.5 katika kila 100 waliopewa maji ya mkupuo, na 7.3 katika kila 100 ambao hawakupewa. Kama wazazi wale wasingeelezwa kwa maneno wanayoyaelewa wakakubali, tungekuwa bado tunawazidishia maji watoto waliofanana na wao.

Kwa hiyo anza na neno la nyumbani, ulifuatishe na lile la tiba, na usikate pumzi kabla ya sehemu ya tatu. Hivi ndivyo ningeandika:

"Ndugu yako amezidiwa. Mwili wake unashindwa kufanya kazi fulani muhimu, kama kupumua au kusukuma damu. Madaktari humwita mgonjwa wa hali hii mahututi. Maana yake ni kwamba yuko hatarini na anahitaji kuhudumiwa sasa hivi, na kwamba akihudumiwa anaweza kupata nafuu. Haimaanishi kwamba tumekata tamaa. Matibabu yake yanaendelea, ukikubali au ukikataa kushiriki katika utafiti huu."

Sentensi ya mwisho msiihamishe ikaenda ukurasa wa pili. Na kwa kuwa wengi wanaofika wodini kwenu nyumbani husema Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kihaya, isomeni kwa sauti, taratibu, kisha mwombeni aliyesomewa aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Akisema "mmeniambia anakufa", rudieni kuanzia "akihudumiwa".