Jibu: Saruji kwenye ukuta wa nyumba ya kale Lamu

Ndugu, umeuliza kama kuna ubaya kupiga plasta ya saruji nyumba ya kale Lamu. Upo, tena mkubwa. UNESCO iliuorodhesha mji huo kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001, na sifa yake mojawapo ni majengo ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Matumbawe hufyonza unyevu na chumvi. Saruji huvizuia kutoka, ukuta ukamung'unyika kwa ndani na vichwa vya boriti vikaoza.

Kama saruji imeshapigwa, bandua yote. Changanya chokaa iliyolowekwa vizuri, kipimo 1, na mchanga vipimo 3. Wa ufuoni usiuguse, una chumvi. Lowesha ukuta, piga tabaka la sentimita 1, kisha funika kwa magunia yaliyoloa. Likikauka haraka litapasuka tu. Kibali cha ukarabati kitangulie, lakini.